Mpiga Maji wa Shimo la Mwisho

Kila ua kando ya mto ule ulikuwa na kamba ya kuanikia nguo, na kila kamba ilikuwa na mti wa kuiinua katikati ili mashuka yasiburute chini. Mgeni angepita asione kitu. Lakini mti wa nyumbani kwa Mama Vishindo, kama miti ya majirani zake wengi, ulikuwa umevimba upande wa chini, pale unapogusa ardhi. Hapo palikuwa na kichwa cha mti mgumu, kipana, kilichochimbwa ndani mfano wa bakuli lililopinduliwa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayechonga bakuli kwenye ncha ya mti kwa ajili ya kuanika shuka. Huo ulikuwa mti wa kupigia maji.

Na tuelewane mapema. Kupiga maji kunakosemwa hapa si kule kwa vilabuni, ambako mtu huenda kwa miguu miwili akarudi kwa minne. Ni kazi ya mtoni. Mmoja anasimama na wavu pale mto unapobana, mwenzake anaanzia mbali huku akiutumbukiza mti majini, bakuli likitazama chini. Hewa iliyobanwa ndani ya bakuli inapasuka kwa mshindo, na mshindo huo husikika chini ya maji kuliko juu. Samaki wanaukimbia. Kwa kuwa mto una njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, wanakimbilia wavuni.

Mama Vishindo alijifunza kazi hiyo nyuma ya baba yake, maji yakimfika kifuani. Jina alipewa kwa ajili ya mti, maana yeye mwenyewe alikuwa na sauti ndogo kiasi kwamba sokoni wauzaji waliinama kumsikia. Mumewe, ambaye watu walimwita Fundi kwa sababu hakuna wavu uliochanika mbele yake ukabaki umechanika, alipenda kuwaambia wageni, "Wenzangu walioa sura, mimi nilioa mshindo." Na alikuwa hatanii sana. Alikuwa kijana, ameshika wavu wa mjomba wake, akasikia mapigo yanakuja kutoka nyuma ya kona ya mto, yamelingana, hayana haraka, na samaki wakaja mbele yake kana kwamba wameitwa kwa majina. Alikwenda kumtazama huyo mwanamume hodari. Akamkuta msichana aliyelowa mpaka shingoni, amenuna. "Unashangaa nini?" msichana akamwambia. "Shika wavu."

Waliishi hivyo miaka mingi, yeye akipiga, Fundi akishika, na watoto wao wakakua wakaenda zao kwa pesa ya mshindo huo. Halafu ikaja marufuku. Bwana Samaki, ndivyo alivyoitwa afisa wa uvuvi na hakuna aliyejisumbua na jina lake jingine, aliwakusanya wavuvi kwenye ghala la samaki, akaeleza kwamba kupiga maji kunatibua matope ya ukingoni, na matope yanayafukia mayai. Atakayekamatwa akipiga maji kwa namna yoyote ile, leseni yake inachukuliwa. Watu walinung'unika. Mama Vishindo alinung'unika kuliko wote, ila kwa sauti yake ile hakuna aliyemsikia. Akarudi nyumbani, akausimika mti uani, akaanika nguo. Tangu hapo yeye na mumewe walivua kwa ndoana na kwa migono, ile mitego ya fito inayolazwa majini mdomo wazi. Leseni ilikuwa moja, na ilikuwa ya jina la mke, kwa kuwa Fundi hakuwa mtu wa kuvumilia foleni.

Bwana Samaki hakuwa mjinga. Alikuwa akipita na pikipiki yake, anazima injini mbele ya ua.

"Mama Vishindo, kamba yako imesimama vizuri."

"Nguo nzito, Bwana Samaki."

"Na za majirani?"

"Mtaa huu wote tunavaa nguo nzito."

Anacheka, anawasha pikipiki, anaondoka. Mtu wa kazi yake angeweza kuikusanya ile miti yote akaichoma moto. Yeye aliiacha isimame.

Mwaka wa ukame mto ulipungua taratibu mwanzoni, kama mtu anayetoka kwenye mkutano bila kuaga. Mawe ambayo watu waliyajua kwa nyayo tu wakaanza kuyajua kwa macho. Kwenye nguzo ya daraja kulikuwa na alama za rangi, nyeupe juu na mstari mwekundu chini kabisa, na kila aliyevuka alipunguza mwendo ili auangalie huo mstari hata kama hakuwa mvuvi. Siku maji yaliposhuka chini ya mstari huo, Bwana Samaki alipita mtaani na kipaza sauti. Uvuvi umesimama. Wavu, ndoana, mgono, hata mkono. Maji yakiwa haba namna hii, alisema, samaki hana pa kukimbilia, na kumchukua asiye na pa kukimbilia si kuvua tena, ni kuokota.

Nyavu zikapelekwa ghalani, kila moja na kitambaa cha alama ya mwenyewe. Fundi akaenda sokoni kubeba magunia. Alirudi jioni mgongo umepinda na maneno yamemwisha, yeye ambaye kwa kawaida alikuwa akizungumza hata na uzi wa nyavu. Mto ukakatika vipande. Vidimbwi vya juu vikakauka kimoja baada ya kingine, mpaka likabaki Shimo, bwawa lenye kina kirefu chini ya mwamba, mahali mto unapopinda. Samaki wote waliokuwa wamewahi kushuka walikuwa humo. Wavuvi wakapangiana zamu za kulinda, maana njaa haisomi matangazo, na Mama Vishindo akachukua zamu ya alfajiri kwa sababu saa hiyo alikuwa macho hata hivyo.

Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka, na yaligeuka akiwa ameketi tu juu ya mwamba na kanga mabegani.

Mto usipotembea, tope hutua. Maji aliyoyajua yeye tangu utoto yalikuwa ya rangi ya chai, mkono ukizama hadi kiwiko huvioni vidole. Asubuhi ile kulipopambazuka alitazama chini ya mwamba, akaona maji ni safi kama ya kunywa, na chini yake akaona sakafu nyeusi ya bwawa. Akasema moyoni, kumbe Shimo si refu kama tunavyosema. Halafu sakafu ikageuka. Yote, kwa mara moja, kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikang'aa fedha kisha ikawa nyeusi tena.

Alishika mdomo. Hawakuwa mamia. Walipangana ghorofa kwa ghorofa kutoka chini hadi karibu na juu, kambare wamelala na masharubu yao, perege wenye mistari wamesimama juu yao, na ningu wengi kupita wote wanabusu mwamba wakila ukoga. Kambare, ambaye siku zote chakula chake ni perege mdogo, alikuwa amelala ubavu kwa ubavu na perege mdogo, hakuna anayemgusa mwenzake. Mbele ya wote alielea ningu mmoja mzee, mrefu kama mkono wa mtu mzima, mkia wake umechanika upande mmoja. Huo mchaniko ulikuwa wa wavu, na si ajabu wavu wenyewe ulikuwa wa Fundi. Mama Vishindo akampa jina palepale, Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akageuza jicho lake la mviringo akamtazama.

Katika maisha yake yote ya mtoni hakuwahi kumwona samaki. Alikuwa amewaona wavuni, sokoni, kwenye sufuria. Huyu anayetembea kwake, anayepumua, anayepisha mwenzake njia, hakuwahi kumwona hata siku moja. Alijisikia kama mtu aliyegonga ukuta wa nyumba miaka nenda miaka rudi kisha siku moja akachungulia dirishani akakuta kumbe ndani wanaishi watu. Aliketi pale mpaka jua likamchoma utosi, na mwenye zamu iliyofuata ikabidi amguse bega.

"Fundi, wako wengi," alimwambia mumewe jioni.

"Wengi kiasi gani?"

"Wana macho," akasema hatimaye.

Fundi akacheka, cheko lake la kwanza tangu aanze kubeba magunia. "Mke wangu, umewapara magamba tangu hujaota meno ya ukubwa, leo ndiyo unajua wana macho?"

"Wanaangalia," alisema Mama Vishindo, na hakucheka.

Kuanzia siku hiyo alikwenda hata zamu isipokuwa yake. Wanaomjua wanasema alipendeza usoni kipindi hicho, wakati watu wote mtaani walikuwa wamekunjamana. Alijua nani anakaa wapi mle majini. Alijua mkunga mweusi anayetoa kichwa tu kwenye ufa wa mwamba, na perege mmoja mgomvi aliyekuwa akifukuza kila mtu kutoka kwenye jiwe lake. Lakini jua halikuwa na huruma, na Shimo likazidi kushuka. Maji ya kifuu bahari ya chungu, ndiyo, ila hata chungu hujua kifuu kinapovuja.

Bwana Samaki alikuwa amewaeleza mapema. Maji ya moto hayashiki hewa. Usiku ile iliyopo inatumika na hairudi, na alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Aliomba makao makuu wamletee mashine ya kurusha maji juu ili yapate hewa. Jibu lilikuwa inakuja. Aliuliza tena, inakuja. Akapanda basi mwenyewe kwenda kuifuata.

Akiwa huko, ikaja asubuhi ambayo Mama Vishindo alifika mwambani akakuta uso wa bwawa umejaa midomo. Bwawa zima, kutoka ukingo huu hadi ule, midomo midogo ya duara iliyotokeza juu ya maji, inafunguka na kufumba, inafunguka na kufumba, bila sauti yoyote. Kambare walikuwa na unafuu, kwa maana kambare hupanda akameza hewa akashuka. Wengine walibaki wamesimama wima, mkia chini. Kwenye matete weupe wa matumbo ulikuwa umeshaanza kuonekana. Na Bi Mkubwa alikuwa ameegemea mwamba kwa ubavu, anajiinua, anaegemea tena.

Alipiga simu ya Bwana Samaki. Haikupatikana. Akasimama pale, na mwili wake ukajua la kufanya kabla ya kichwa. Mti ule ukipigwa ndani hutibua tope. Lakini ukipigwa juujuu, bakuli likilazwa upande kidogo, haufiki chini kabisa. Unafanya povu tu. Ndivyo wanaojifunza wanavyokosea, na baba yake alikuwa akimzaba kofi la kisogo kila alipofanya hivyo, akisema, "Humfukuzi samaki, unamwoshea maji."

Alirudi nyumbani akikimbia, mwanamke wa umri wake. Akaung'oa mti. Kamba ikalala na nguo zote zikaanguka kwenye vumbi. Fundi akatoka mlangoni na shati mkononi.

"Unakwenda wapi na mti?"

"Kupiga maji."

"Mama, umechanganyikiwa? Leseni itakwenda."

"Najua."

"Itakwenda moja kwa moja. Tutakula nini mto ukifunguliwa? Mimi hili gunia nitalibeba mpaka lini?"

"Wanakufa, Fundi," alisema, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao majirani walimsikia kupitia ukuta. "Wanakufa na midomo wazi. Siwezi kukaa na leseni ya mto usio na kitu."

Alisimama juu ya mwamba, si ndani ya maji, akaulaza mti upande akapiga. Povu jeupe likaenea. Pigo la kwanza lilifanya alichojua litafanya. Midomo yote ikazama, na kundi zima likakimbilia ukingo wa mbali, pale pabaya zaidi, likajibana huko. Waliijua sauti hiyo. Mama zao walikufa kwayo. Moyo ukamuuma, lakini mkono haukusimama. Akapiga polepole, akapiga palepale, na povu likawa linakwenda kwao, likibeba ile hewa kidogo ya asubuhi.

Ni nani aliyeanza kurudi hakumwona vizuri. Alidhani ni yule perege mgomvi. Akaja hadi ukingoni mwa povu, akasimama, matamvua yakipiga haraka. Wakaja wawili, wakaja wengi. Halafu kundi zima likafunguka likaja, weusi wote ule, likapita chini ya miguu yake na kujipanga ndani ya povu kuuzunguka mti. Alikuwa akipiga katikati yao. Alikuwa akipiga na wao wanasogea karibu zaidi. Bi Mkubwa alikuwa wa mwisho, upande upande, kama mgonjwa anayeletwa zahanati, akaingia kwenye povu akatulia. Baada ya muda akasimama sawasawa. Mama Vishindo alilia bila kuacha kazi, na machozi yakaingia majini pamoja na jasho.

Jua lilipopanda Fundi alikuja, amekunja mikono. Akatazama. Alitazama kwa muda mrefu sana, mtu aliyeshika wavu miaka yote hiyo.

"Wana macho," akasema.

"Nilikwambia."

"Lete nikupokee."

"Hujui."

"Nimekusikiliza tangu ujana, nitakosaje kujua?" Akauchukua mti, akapiga, na samaki wote wakapotea. Mama Vishindo akamnyang'anya.

Bwana Samaki alirudi siku ya pili bila mashine. Alisikia mshindo akiwa darajani, akashuka kwenye pikipiki akaja kwa miguu, viatu vya ofisini vikizama mchangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuacha kupiga.

Alisogea akatazama chini ya mwamba. Yeye aliyewasoma samaki kwa vitabu na kwa mizani, aliyewajua kwa majina ambayo hakuna mwingine mtaani angeweza kuyatamka, alichuchumaa, na kofia yake ikaanguka majini. Hakuiokota.

"Nimekuona," alisema baadaye. "Siwezi kusema sijakuona. Kanuni inasema kwa namna yoyote."

"Andika, Bwana Samaki."

"Nitaandika. Na nitaandika kwamba nimekukuta, nimesimama, na nimekuambia kesho uje tena."

"Na keshokutwa?"

"Mpaka mvua. Lakini wewe peke yako mkono utakatika. Hakuna mwingine mtaani mwenye mti wa namna hii?" Aliuliza hivyo huku akiwa ameukaza uso, na Mama Vishindo akamjibu kwa uso uleule kwamba angejaribu kuulizia.

Alfajiri iliyofuata kamba za mtaa mzima zilikuwa zimelala chini. Walikuja wake kwa waume, kila mmoja na mti wake begani, wengine wakiwa bado na vibanio vya nguo vimening'inia. Aliwafundisha pigo lile la makosa, lile la kofi la kisogo, na haikuwa kazi rahisi kuwafundisha watu hodari kukosea. Wakapokezana mwambani. Hawakuzungumza sana. Mtu akishika zamu yake, wengine waliketi ukingoni wakitazama majini, na hata wale midomo mirefu kabisa walikuwa wakinong'ona, kama walio mbele ya mtoto aliyelala.

Siku zikaenda hivyo. Samaki walikufa wachache tu. Na kadiri siku zilivyokwenda, likatokea jambo ambalo wote waliliona na kulifurahia. Mwanzoni samaki walisubiri povu. Baadaye hawakusubiri tena. Pigo la kwanza likilia, wanakuja. Hata hewa ikiwa haijapungua, hata jioni, ukigusa maji kwa bakuli la mti mara moja tu, bwawa zima linageuka na kukujia, Bi Mkubwa mbele na mkia wake uliochanika. Mama Vishindo alikuwa akifanya hivyo wakati mwingine bila sababu. Alikuwa anaugusa tu mti majini, wanakuja, anawatazama. Ilikuwa furaha yake, na alikuwa hajawahi kuwa na furaha isiyo na kazi ndani yake.

Aliyelisema jambo lenyewe ni Fundi, jioni moja, wamekaa wawili juu ya mwamba na mawingu yamejaa upande wa juu wa mto.

"Wamezoea," alisema.

"Wamezoea."

"Mama, sikiliza. Sisemi tufanye." Alikuwa anatazama mikono yake, mikono ya wavu. "Nasema tu. Zamani ulipiga wakakimbia, na katika kumi nilipata wawili. Sasa ukipiga wanakuja. Mtu akikaa hapo ulipo na wavu, hahitaji hata kukimbizana. Pigo moja. Anabeba mto mzima."

Mama Vishindo aligeukia mawingu. Mvua ilikuwa inanyesha huko juu, harufu yake ilikuwa imeshafika. Mvua ikishuka, maji yataupanda mstari mwekundu, Bwana Samaki atafungua ghala, na kila mwenye wavu atachukua wavu wake. Na kila mtaa, kwenda juu na kwenda chini, mpaka mahali ambapo yeye hakuwajua watu wala watu hawakumjua, ulikuwa na miti yake imeinua kamba za nguo, na marufuku haina macho usiku. Aliwatazama samaki chini ya miguu yake, wametulia, wanangoja. Alikuwa amewapa hewa, na kwa mkono uleule alikuwa amewaondolea hofu, kitu pekee kilichokuwa kikiwaokoa.

"Nimewaua," alisema.

"Hujawaua. Wako hapo."

"Fundi, nimewaua."

Bwana Samaki alipoambiwa, aliketi chini mchangani. Hilo hakulifikiria. Hakuna aliyelifikiria, walikuwa wanahesabu hewa tu. Alikuja pia na habari aliyokuwa akiichelewesha. Makao makuu walikuwa wameamua, na leseni ya Mama Vishindo imesimamishwa kwa msimu wote unaokuja. Walimshukuru, lakini kanuni ni kanuni. Aliisema akiwa ameinamisha kichwa. Mama Vishindo akaitikia kwa chake, maana msimu mmoja ulikuwa mdogo kuliko alioutegemea, na magunia ya sokoni Fundi alikuwa ameshayazoea. Halikuwa hilo lililomnyima usingizi.

"Watasahau wenyewe?" aliuliza.

"Sijui, mama. Wengine labda. Mto utafunguliwa kabla hawajasahau."

"Basi sitangoja wasahau. Nitawakumbusha."

Asubuhi iliyofuata maji mekundu ya mvua yalikuwa tayari yanatambaa kwenye mchanga mkavu wa juu, yakilamba kuelekea Shimo. Alikwenda peke yake mbele, Fundi na Bwana Samaki wakabaki ukingoni na mawe mikononi kama alivyowaagiza. Aligusa maji mara moja. Wakaja, wote, kama asubuhi zote. Bi Mkubwa akaja mbele.

Mama Vishindo akashuka kwenye mwamba akaingia majini mpaka kiunoni, akausimamisha mti wima, akapiga lile pigo la zamani. Si la povu. Lile la baba yake, la chini, la kufukuza. Maji yakatetemeka hadi ukingoni. Samaki wakaruka nyuma, wakasimama. Kisha wakarudi. Walirudi kumtazama, karibu kuliko mwanzo, midomo imeelekea kwake, wakitafuta hewa waliyoizoea.

"Tokeni," aliwaambia kwa sauti yake ndogo. "Jamani, tokeni."

Hawakutoka. Akaunyanyua mti, akamlenga Bi Mkubwa, akampiga mgongoni. Magamba mawili yaling'aa yakazama. Fundi akatupa jiwe, Bwana Samaki akatupa jiwe. Akapiga tena, na tena, akiwafuata kila walipokwenda, akipiga katikati yao, akilia kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, mpaka mwishowe pigo likawa likilia na bwawa lote linatawanyika kwa hofu kwenda kwenye nyufa, kwenye matete, popote. Alipiga hata baada ya hapo. Fundi ndiye aliyeingia majini akaushika mkono wake.

Siku ya pili mto ulikuwa umefika. Shimo na mto vilikuwa kitu kimoja tena, maji ya rangi ya chai, huoni kidole. Mama Vishindo alisimama juu ya mwamba na mti wake, akaulaza upande, akapiga polepole, lile pigo la povu. Akangoja. Uso wa maji ulibaki mtupu.

Kazi ilikuwa imefanyika, na angeweza kurudi nyumbani akaanike nguo. Lakini aligusa maji mara nyingine, taratibu sana, na hiyo haikuwa ya kuwajaribu.

Hakuna aliyekuja.